Lebo Yako Ifike Gikomba Ikiwa Bado Inaongea

Wasee, leo tuongee lebo. Si za muziki. Naongelea kile kitambaa kidogo kinachokukuna shingoni mpaka unakitafutia makasi.

Najua hakuna mtu alikuwa anangoja maoni yangu juu ya hii kitu. Lakini watengenezaji wa lebo wako kwa presha saa hii, na inatoka kwa wanunuzi wao wakubwa. Tarehe 18 Julai 2024, sheria mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu bidhaa zinazodumu ilianza kufanya kazi. Ndani yake kuna kitu kinaitwa pasipoti ya kidijitali ya bidhaa: unaskani msimbo, unaona hii kitu imetengenezwa kwa nini, inarekebishwa vipi, na ikiisha ipelekwe wapi. Kanuni za kila aina ya bidhaa zinaandikwa kivyake, na nguo ziko kwa foleni ya mbele. Kwa hivyo kila kampuni ya lebo inataka kuonekana smati, na njia ya haraka ya kuonekana smati ni kuuza chipu.

Mimi naona wanaanzia pabaya. Nguo ya Ulaya haiishii Ulaya kila wakati. Inavaliwa, mwenyewe anaichoka, inatiwa kwa belo, belo inapanda meli hadi Mombasa, na asubuhi na mapema inakatwa kamba Gikomba watu wakisukumana. Kama pasipoti yake haisomeki hapo, hiyo ni pasipoti gani?

Tuanze na kitambaa chenyewe. Lebo nyingi za kufumwa ni poliesta, kwa sababu uzi wake ni mwembamba na herufi ndogo zinatokea vizuri. Zikishafumwa zinakatwa kwa kisu cha moto ili ukingo usifumuke. Ule ukingo ulioyeyuka ukakauka ndio unakukuna. Zile za saizi na maagizo ya kufua mara nyingi ni utepe wa satini ya poliesta ama nailoni uliochapishwa. Yote hiyo ni plastiki. Sasa chukua tishati ya pamba asilimia 100, ishonee lebo ya poliesta kwa uzi wa poliesta. Hesabu imeharibika, na mtu wa kuchakata nguo kuukuu lazima kwanza akate kile kipande atupe.

Ushauri unaousikia kila mahali ni kutumia poliesta iliyotokana na chupa kuukuu. Ni hatua rahisi, mtambo unabaki uleule, na kwa jezi ambayo ni poliesta tayari sina neno. Lakini kwa tishati ya pamba ningetaka lebo ya pamba, ama kusiwe na lebo kabisa, maandishi yachapwe moja kwa moja ndani ya nguo. Shida ya pamba ni kwamba uzi wake ni mnene. Ukijaribu kufuma msimbo mdogo wa QR kwa pamba utapata kitu kinafanana na mkeka, na hakuna simu itausoma. Kwa pamba, QR inachapwa.

Haya, chipu. Ile inayopigiwa debe zaidi inaitwa RFID: kachipu kadogo sana pamoja na antena ya alumini, mara nyingi juu ya plastiki. Kazi yake ni nzuri, sikatai. Kwa maduka ya Uniqlo unaweka nguo zako ndani ya sanduku la kulipia na mashine inazihesabu zote mara moja. Duka linajua liko na suruali ngapi bila mtu kuzigusa. Lakini hiyo akili ni ya duka. Simu yako ya kawaida haiwezi kusoma RFID ya aina hiyo, na mara nyingi chipu imebandikwa kwenye ile tagi ya karatasi unayokata ukifika nyumbani. Alumini, plastiki na chipu, vyote pipa la taka siku ya kwanza. Kuna kampuni zimeshatengeneza za karatasi bila plastiki, na hiyo ni afadhali, lakini nguo yenyewe bado inabaki bubu. NFC nayo simu zinaisoma, kama simu yako iko nayo. Uliza watu kumi kwa matatu kama simu zao ziko na NFC uone majibu utakayopata.

QR haina maringo. Kamera tu. Sawa, mwenye mulika mwizi ameachwa nje, lakini kwa wengine wote ndiyo lango lililo wazi zaidi.

Sasa twende Gikomba. Mama wa mtumba anayejua kazi yake anasoma nguo kwa vidole. Anaisugua, anainyoosha, akiwa na shaka anachoma uzi mmoja kwa kiberiti: pamba inanuka karatasi, poliesta inayeyuka. Hivyo ndivyo anajua kamera ni gani, yaani zile za kwanza kuchaguliwa, na fagia ni gani. Hafanyi hivyo kwa sababu hajui kusoma lebo. Anafanya hivyo kwa sababu lebo imekatwa, ama imefifia, ama inadanganya. Na kudanganya si maneno ya mtaani. Shirika la Circle Economy la Uholanzi lilitoa matokeo baada ya kupima nguo kama 10,000 kwa mashine inayotambua nyuzi kwa mwanga, na asilimia 41 ya lebo hazikulingana na nguo zilizoshonewa. Ukichukua uongo huo ukauweka ndani ya QR, umeufanya tu uonekane wa kisasa.

Fagia ndiyo inaniuma zaidi. Inauzwa bei ya kutupa, na ile isiyouzika kabisa inaishia jalalani ama kwenye kingo za mto Nairobi, ambao uko hapo kando tu ya soko. Kama siku moja kutakuwa na mtu wa kununua fagia aichakate, swali lake la kwanza litakuwa nyuzi gani. Lebo iliyobaki hai ingemjibu kwa sekunde mbili.

Neno "hai" nalitumia kwa sababu ya kitu nimeona karibu. Rafiki yangu ana brandi ndogo ya hudi. Aliagiza lebo 200 zenye QR kutoka kwa duka moja hapa tao, safi kabisa. Unaskani, unaona picha, fundi aliyeshona, jinsi ya kufua. Baada ya wiki chache kila QR ikawa inafungua tangazo la kumwambia alipie. Kumbe duka lilitengeneza msimbo kwa tovuti ya bure, muda wa majaribio ukaisha, na linki haikuwa ya rafiki yangu hata siku moja. Hudi zilikuwa zimeshauzwa. Huwezi kuwaita watu 200 uwafumue lebo.

Hapo ndipo naona kazi ya mtengenezaji wa lebo inabadilika kweli. Zamani alikuwa anauza vipande, elfu moja kwa bei hii, elfu tano kwa bei ile, kisha hamjuani tena. QR inamfanya awe mtunza kumbukumbu. Anwani ya tovuti iwe ya mwenye brandi, hata kama ni ya .co.ke ya kawaida, na mkataba useme nani anailipia kila mwaka. Nambari ya bidhaa iwe ndani ya linki. Utaratibu wa kufanya hivyo upo, ni wa GS1, walewale wa msimbo pau unaouona kwa pakiti ya unga, na wako na ofisi Kenya. Ukurasa wenyewe uwe maandishi matupu, mwepesi, ufunguke kwa bando ndogo. Zile video za bahari na msichana anatembea polepole wabaki nazo.

Na mtambo mpya wa mamilioni si lazima. Mtambo wa kufuma unarudia mchoro mmoja mara elfu, kwa hivyo unafaa jina na nembo. Kwa nambari tofauti ya kila nguo unahitaji printa ya joto yenye riboni ya resini, na wengi wanaochapa lebo za saizi na za kufua tayari wako nayo. Hiyo wino inashika. Linki iwe fupi, kwa sababu linki ndefu inazaa vimiraba vingi vidogo, na vimiraba vidogo vikipauka kidogo simu inakataa. QR inaweza kutengenezwa isomeke hata kama karibu asilimia 30 yake imeharibika, lakini lazima uchague hivyo wakati wa kuichora, na gharama yake ni kwamba inakuwa kubwa kidogo. Afadhali kubwa.

Kisha ijaribiwe kwa karai. Vipimo vya maabara vinazungusha nguo ndani ya mashine. Hapa shingo ya nguo inapigwa sabuni ya kipande na brashi, wakati mwingine Jik, halafu inaanikwa juani kuanzia asubuhi. Lebo ya shingoni inakufa kwanza, na kama haikufa inakatwa kwa sababu inakuna. Iwekwe kwa mshono wa ubavu, karibu na pindo la chini, mahali hakuna jasho wala brashi.

Viwanda vya EPZ kule Athi River vinashonea brandi za nje, na mara nyingi brandi ndiyo inaamua lebo inunuliwe wapi, kwa hivyo mtu wa lebo wa Nairobi asikae akingoja mlango huo. Ningeanza na yunifomu. Suweta moja ya shule inaweza kuvaliwa na watoto watatu wa nyumba moja, kisha binamu. Lebo ya sasa ina jina la duka na saizi, basi. Weka hapo QR inayosema kama ni akriliki ama sufu, na ni nani alishona, ili kiwiko kikitoboka mzazi ajue pa kutafuta uzi wa rangi ileile. Jina la mtoto lisikaribie hiyo linki. Hilo waendelee kuandika kwa kalamu kama kawaida.