Maneno Madogo Kati ya Mistari



Tulipokwenda Uingereza, sisi wauguzi wawili wa usharika mmoja, wenyeji wetu walitupeleka kwenye Maktaba ya Uingereza, karibu na stesheni ya King's Cross, London. Kuingia ni bure. Katika chumba chenye mwanga hafifu, ndani ya kabati la kioo, tuliona kitabu cha Injili Nne kilichoandikwa kwa mkono miaka 1,300 hivi iliyopita.

Kitabu hicho kilitoka kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini mwa nchi hiyo. Inaaminika kuwa mwandishi ni Askofu Eadfrith, aliyefariki mwaka 721. Zamani hizo huko hawakuwa na karatasi. Waliloweka ngozi za ndama katika maji ya chokaa, wakazikwangua manyoya, kisha wakaziwamba zikauke. Kitabu hiki kilihitaji ngozi zaidi ya 100! Kalamu ilikuwa unyoya wa ndege. Rangi ya manjano ilitokana na madini yenye arseniki, na nyekundu ilitokana na risasi. Tulishtuka, maana zote mbili ni sumu. Kurasa nyingine zimejaa nakshi tupu, zimesukwa kama mkeka. Mapambo machache hayakumalizika.

Katika karne ya 17 kitabu kilifika mikononi mwa Sir Robert Cotton, mkusanyaji mkubwa wa vitabu vya kale. Mwaka 1731 moto uliunguza sehemu ya vitabu vyake, lakini hiki kilipona.

Hata hivyo, kilichotugusa zaidi si nakshi. Kati ya mistari ya Kilatini kuna maandishi madogo madogo. Katika karne ya 10, kasisi aitwaye Aldred aliandika juu ya maneno yale maana yake kwa Kiingereza cha wakati ule. Hiyo ndiyo tafsiri ya Injili Nne kwa Kiingereza iliyo ya kale kuliko zote zilizosalia.

Tukamkumbuka bibi mmoja wodini. Tulimweleza dawa kwa Kiswahili, naye akaitikia, "Ndiyo, mwanangu," kwa kila neno. Kesho yake tukakuta amekunywa dawa ya kupaka. Kumbe Kiswahili hakukijua, wala hatukumwuliza. Alipona, Mungu ni mwema, lakini aibu ile hatujaisahau. Tangu hapo, tukimpa mgonjwa dawa, tunamwomba atueleze atakavyoitumia, kwa maneno yake mwenyewe.

Mama mpendwa, nyumbani kwako ni nani anayeitikia "ndiyo" bila kuelewa? Labda ni mama mkwe aliyetoka kijijini, au mtoto anayekariri sala tu, au binti anayekusaidia kazi. Jioni, mkishasoma Neno, keti naye umweleze kwa lugha anayoijua.

Aldred hakuyafuta maandishi ya Kilatini. Aliongeza tu maneno madogo, ili wa nyumbani waelewe.