Nibebee Madaftari

Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa tumbaku. Hivyo navikumbuka vizuri kuliko maneno yake, kwa sababu maneno sikuyasikiliza. Ilikuwa Januari 2018, wiki ya pili ya muhula, na kidato cha pili walikuwa wakiripoti kwa mafungu, wa karibu na stesheni kwanza, wa mashambani baadaye. Januari ni mwezi wa kuchuma, na kila mkono unatakiwa shambani na kwenye bani la kukaushia. Alisimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, madamu," nikaitikia marahaba huku nasahihisha. Akaniambia kuna watu wamekuja nyumbani kwao na ng'ombe.

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa ushauri nasaha. Mkuu wa shule alinipa kazi hiyo kikaoni kwa sentensi moja: "Wewe ni mama, utawaweza." Sikuwa nimeisomea. Chuoni tuliipita mada hiyo kama treni ya mizigo inavyoipita stesheni yetu ya Igalula usiku, taa na kelele, kisha kimya.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, serikali ipo. Kisha nikaingia stafu, nikalisema jambo lake mbele ya walimu tisa. Mmoja wao alikuwa na undugu na hao wenye ng'ombe. Kesho yake baba mtu alikwishajua kwamba binti amepeleka mashtaka. Ijumaa kiti chake kilikuwa kitupu. Sheria nilikuwa nayo mdomoni: tangu 2016, kumwoa mwanafunzi au kumpa mimba ni kifungo cha miaka 30. Mtendaji wa kijiji alikwenda, mgambo walikwenda, wakakuta komeo mlangoni na kuku watatu uani. Familia ilikwishahamia shamba la msituni. Miombo ya huku ukiingia bila mwenyeji, hutoki na jibu.

Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa kwamba hilo si la nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliwahesabu wanawake wa miaka 20 hadi 24 walioolewa kabla ya kutimiza 18: Shinyanga walikuwa 59 katika kila 100, sisi 58. Mama yangu mzazi aliolewa akiwa na miaka 15, na Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyokuja baadaye, ingemruhusu vilevile. Namba hizo nilizijua. Nilichokuwa sikijui ni namna ya kukaa na mtoto mmoja dakika kumi bila kumharibia.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta pa kusoma.

Walimu wenzangu huniuliza niliwezaje uzamili nikiwa Igalula. Wanauliza ada. Wanauliza bando. Wanauliza kama cheti cha elimu masafa kinapandisha daraja. Ni maswali ya maana, na mimi pia nilianza nayo. Ila kuna swali moja nililochelewa kuliuliza, na kuchelewa huko kulitaka kunigharimu fedha yote niliyokuwa nayo.

Shahada ya kwanza niliipata kwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kupitia kituo chake cha Tabora, nikitokea stashahada. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili mtu aliye kazini asome bila kuacha kazi, kwa hiyo kusoma kwa mbali hakukunitisha. Kwa uzamili nilikuwa na karatasi tatu mezani. Ya kwanza, kwenda Dar es Salaam miaka miwili. Hiyo ilihitaji ruhusa ya masomo kutoka Isikizya, makao makuu ya halmashauri yetu ya Uyui. Ili ufike Isikizya kutoka Igalula lazima ukatize Tabora mjini, ambayo ni wilaya nyingine. Uyui imeuzunguka mji kama nyama ya embe inavyozunguka kokwa. Lakini umbali haukuwa tatizo. Mama alipata kiharusi mwaka 2017, upande wa kulia ukalala pamoja na ulimi. Nilikuwa namlisha mimi. Kwenda Dar kulikuwa ni kumwacha.

Karatasi ya pili ilitoka kwa chuo kimoja cha ng'ambo. Miezi 12, kila kitu kwenye simu, ada kwa dola. Nilikuwa nimeshakusanya kiasi cha kuanzia. Nilipanda treni hadi Tabora kumuuliza sista mmoja, muuguzi mstaafu aliyewashauri watu wenye virusi vya UKIMWI tangu enzi ambazo dawa hazikuwepo. Nilitaka aniambie kama ada ni ghali. Nikaongeza kwamba itabidi pia niwaulize Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kama shahada hiyo inatambulika nchini. Aliisoma karatasi mbele na nyuma, akaniuliza, "Mwanangu, na nani atakuangalia ukimsikiliza mtu?"

Niligeuza karatasi. Kulikuwa na mitihani, insha, video za mihadhara. Hapakuwa na saa hata moja ya kukaa na mtu hai huku mwalimu anakutazama. "Basi hawa wanafundisha habari za ushauri," akasema. "Ushauri wenyewe hawaufundishi."

Chuo nilichokichagua, karatasi ya tatu, sikitaji, maana ushuhuda huu si tangazo. Kilikuwa cha hapa nchini, elimu masafa, na kilikuwa na kitu ambacho mwanzoni nilikiona mzigo: saa za mafunzo kwa vitendo, chini ya msimamizi mwenye sifa aliye karibu na mwanafunzi, zinazosainiwa moja moja. Nilirudi kwa sista. Chuo kikamkubali. Nikaanza mwishoni mwa 2019.

Mwaka wa kwanza nilisomea kwenye benchi la stesheni. Reli ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na huku kwetu haikwenda mbali na njia ya misafara. Rubuga na Kigwa, majirani zetu, yalikuwa majina ya vituo ambavyo mpelelezi Mwingereza Burton aliviandika mwaka 1857 akienda Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Mimi benchi hilo nililipendea mtandao. Jioni, mama akishalala, nilikaa pale na kompyuta ya mtumba, nikishusha mihadhara mpaka betri inakata. Wauza karanga walinizoea. Mmoja aliwahi kuniuliza kama nasubiri treni ya kwenda Ulaya.

Kisha shule zikafungwa, tarehe 17 Machi 2020, kwa sababu ya korona. Nchi nzima ilisimama kusoma isipokuwa mimi. Masomo yangu hayakuwa na darasa la kufunga. Tulipofungua tarehe 29 Juni, wasichana wanne wa kidato cha tatu hawakurudi. Niliandika insha yangu ya nadharia wiki hiyo hiyo. Kitabu kilinifundisha mawazo ya Carl Rogers, Mmarekani, kwamba mshauri asimpe mtu jibu, amsaidie alitafute mwenyewe kwa wakati wake. Ni fundisho zuri, nimelikubali mpaka leo, lakini Rogers hakuwahi kuona ng'ombe wa mahari wakiwa tayari zizini. Kuna wakati mtoto hana wakati wake. Niliandika hivyo kwenye insha, nikapata alama ya wastani na maelezo kwamba nijibu swali. Afadhali kitabu cha Profesa Biswalo cha mwaka 1996, kilichoandikwa kwa mazingira ya Afrika, ambacho kinajua kwamba nyuma ya mwanafunzi kuna ukoo.

Ada ya mwaka wa pili ndiyo iliyonivunja. Nilikopa kausha damu. Mwalimu yeyote anajua jina hilo halikutoka hewani. Kadi yangu ya benki ilichukuliwa, na namba ya siri juu yake, na kwa miezi saba mshahara niliuona kwenye meseji tu: umeingia, umetoka. Nilikula matobolwa asubuhi na mchana. Niliona aibu kwa namna ambayo sijawahi kuona, kwa sababu kila Jumatano nilikuwa nakaa na wanafunzi kuwafundisha kupanga maisha. Walionitoa ni kina mama wa kikoba changu. Nilikwenda kuomba mkopo mdogo, nikalia kabla sijataja kiasi. Hawakunipa nasaha hata moja. Mwenyekiti alisema, "Mleteni huyo mwenye kadi," wakalipa deni kwa mkupuo, mimi nikawalipa wao kwa mwaka mzima bila riba. Katiba ya kikoba hairuhusu. Waliipindisha.

Sasa niseme habari za mazoezi, maana ndiyo kiini cha yote. Kila Jumamosi ya pili nilikwenda kwa sista. Nilimshauri mtu aliyeigiza, baadaye watu wa kweli waliokubali, yeye akiwa kwenye kona na daftari. Siku ya kwanza nilijiona nimefanya vizuri sana. Akanisomea hesabu: "Maswali 23 ndani ya dakika 20. Polisi huuliza machache." Mara ya tatu yakawa 14. Alinikataza kusema "usijali." Alinikataza kusema "hata mimi." Alipoona nashindwa kukaa kimya, aliniuliza nyumbani naishi na nani.

Nilimwambia kuhusu mama. Ulimi wa mama ulikuwa unarudi neno moja moja, kwa taabu, na mimi nilikuwa na tabia ya kumalizia. Akisema "ma," nilisema "maji," nikaleta. Sista akaniagiza nisimmalizie kwa wiki mbili. Siku ya kwanza mama alisema "ma" na mimi nikang'ang'ania kiti. Ilikuwa ndefu. Kumbe hakutaka maji. Alitaka kuuliza kama mahindi yamevunwa. Miaka mitatu nilikuwa nampa maji. Nilitoka nje nikasimama chini ya mwembe mpaka nikaweza kurudi ndani.

Mama alifariki Agosti 2021. Tasnifu niliiwasilisha kwa kuchelewa, na jina lake lipo ukurasa wa mbele.

Shuleni, tatizo lilikuwa chumba. Ofisi yangu ilikuwa kona ya stoo ya vitabu, pazia badala ya mlango. Isitoshe, neno lenyewe ushauri nasaha wengi huku walilisikia kwanza kwenye upimaji wa UKIMWI, kwa hiyo mtoto akiitwa "ushauri" wenzake wananong'ona kabla hajafika. Mwongozo unataka chumba cha faragha. Mkuu wa shule alikuwa na madarasa manne yenye nyufa. Basi nikaacha kuwaita. Nikawa nasema, "Nibebee madaftari mpaka nyumbani." Kila mwalimu hubebewa madaftari, hakuna anayegeuza shingo. Kutoka shule hadi kwangu ni dakika 15 kwa mwendo wa kawaida, 25 kwa mwendo wangu. Mtoto anayetembea ubavuni hakutazami usoni, na mzigo mikononi unampa kitu cha kushika. Ile shikamoo, ambayo humweka yeye chini na mimi juu kabla hatujaanza, tunaimaliza getini. Njiani namwamkia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, kama jioni bado ni asubuhi, anacheka, tunaendelea.

Wengine hubeba madaftari siku tatu bila neno. Msichana wa nne kunibebea alikuwa mama wa mtoto wa miezi minane, mmoja wa waliorejea Januari 2022 baada ya waraka wa Novemba 2021 uliofungua mlango kwa waliokatiza masomo kwa ujauzito. Alikuwa anataka kujua kitu kimoja tu, kama anaweza kutoka kipindi cha saba kwenda kunyonyesha. Angeulizwa maswali 23 asingelifikia hilo.

Mwaka 2023, siku ya treni, nilikuwa kwenye benchi langu la zamani bila kompyuta. Mwanamke kijana aliketi pembeni, ndoo ya asali miguuni, mtoto mgongoni. "Shikamoo, madamu." Niliitikia, nikageuka, nikatazama vidole kabla ya uso. Vilikuwa safi. Alitoka Goweko, akasema, ameuza ndoo mbili na hii moja anairudisha kwa ndugu.

Nilimwomba radhi. Nilisema wazi nilichofanya, stafu, walimu tisa, undugu. Hakuniambia haidhuru. Alimshusha mtoto mgongoni, akampakata, akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Treni ikasikika kwa mbali upande wa Tabora.

"Ule waraka," akasema mwishowe, "mimi nimeshachelewa?"

Nilimweleza kwamba kuna njia ya elimu ya watu wazima, kwamba kuna mtihani wa maarifa unaoshika nafasi ya kidato cha pili, kwamba mwenye mtoto hasomi kwa kificho. Aliuliza ni shilingi ngapi kwa mwaka. Nilimtajia. Akaitazama ndoo, akaanza kuhesabu kwa vidole, ndoo moja, ndoo mbili, midomo ikicheza, na alipofika kidole cha nne akasita, akarudi mwanzo kuhesabu tena.