Kutoka Port Victoria Hata Malaba: Fimbo ya Mbali na Njia ya Jirani

Msafiri atokaye Kisumu kwa barabara kuu iendayo Uganda, afikapo Bumala hugeuka mkono wa kushoto akashuka kuelekea ziwani. Njia hiyo hupita katika nchi ya Wasamia, penye vilima vya mawe na mashamba ya mihogo na mtama, kisha huingia katika nchi tambarare ya Wanyala, ambako mto Nzoia humwaga maji yake. Mwisho wa njia ni Port Victoria, mji mdogo wa wavuvi. Asubuhi mashua hurudi na samaki, na dagaa, ambao wenyeji huwaita omena, huanikwa juani. Ng'ambo ya maji huonekana nchi ya Uganda, nayo ni karibu hata mgeni aweza kudhani kwamba pande zote mbili ni nchi moja.

Na zamani zilikuwa nchi moja. Mwaka 1892 Kapteni Macdonald na wenzake walipoipima njia ya reli kutoka Mombasa, ilikusudiwa kwamba mwisho wake uwe hapa. Baadaye ikaonekana kuwa njia ya Kisumu ni fupi zaidi, na reli ikafika huko Desemba 1901. Port Victoria ikabaki na jina la malkia, lakini bila gari la moshi. Mwaka 1902 Waingereza wakalitoa Jimbo la Mashariki la Uganda, wakalitia katika nchi ambayo leo ni Kenya. Basi watu wa Port Victoria, Busia na Malaba walilala wakiwa watu wa Uganda, wakaamka wakiwa watu wa nchi nyingine, wala hakuna aliyehama nyumba yake. Mpaka uliowekwa, ambao kwa sehemu hufuata mito ya Sio na Malaba, uliwagawa Wasamia na Wateso: wengine huku, ndugu zao kule.

Zaidi ya miaka 70 baadaye mpaka huo ulikaribia kuleta vita. Februari 1976 Idi Amin, aliyekuwa akiitawala Uganda, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda tangu zamani. Port Victoria, Busia na Malaba zote zilikuwa ndani ya madai hayo. Rais Kenyatta aliyakataa kwa ukali, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kuishughulikia mizigo ya Uganda. Amin akarudi nyuma, akasema hataki vita. Lakini hofu haikuisha, kwa maana Uganda ilikuwa imepata vifaru na ndege za MiG kutoka Urusi, hali Kenya ilikuwa na ndege chache za kivita, wala haikuwa na vifaru vikubwa.

Ndipo Kenya ilipowaendea marafiki. Juni 1976 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Donald Rumsfeld, alifika Nairobi, na Marekani ikakubali kuiuzia Kenya ndege 12 za kivita za namna ya F-5. Majuma machache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, askari wa Israeli waliwaokoa mateka katika uwanja wa Entebbe, wakaziharibu na baadhi ya MiG za Amin, na ndege zao zikatia mafuta Nairobi. Amin alighadhibika, na Wakenya waliokuwa wakikaa Uganda wakauawa. Manowari ya Marekani ikatia nanga Mombasa, na ndege ya doria ya jeshi lake la majini ikatua Nairobi, ili ijulikane kwamba Kenya haiko peke yake.

Msaada huo ulitia moyo, lakini wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndege za F-5 zilifika mwaka 1978, wakati hatari ile ilikuwa imekwisha kupita. Vifaru 38 vya Vickers, vilivyoagizwa Uingereza mwaka 1977, vilichelewa zaidi. Kifaru si shoka, hata kinunuliwe leo na kutumiwa kesho. Lazima kiundwe, dereva wake afunzwe, mafundi wapatikane, vipuri viwekwe akiba, na mafuta yasikosekane. Zamani Msamia aliyetaka jembe au mkuki alimwendea mhunzi katika vilima vyake mwenyewe, kwa kuwa Wasamia walisifika kwa kufua chuma, na majirani walikuja kununua kwao. Silaha za siku hizi mhunzi wake yuko ng'ambo ya bahari, naye hufua kwa wakati wake.

Basi, kabla fimbo hiyo haijafika, Kenya ilitumia nini? Jawabu liko Malaba, mahali reli na barabara zinapovuka kuingia Uganda. Nchi hiyo haina bahari, na petroli yake nyingi ilipita hapa kwa mabehewa na malori. Julai 1976 Kenya ilitaka mizigo ya Uganda ilipiwe kwa fedha ya Kenya. Petroli ikaadimika Uganda, na magari yakasimama. Kifaru kisicho na mafuta ni chuma tu, na ndege isiyo na mafuta ni banda la kuku. Agosti wajumbe wa nchi zote mbili walipatana Nairobi, na mizigo ikapita tena. Hata hivyo si Amin peke yake aliyebanwa. Mkulima wa Uganda mwenye kahawa ya kupeleka bandarini, na mchuuzi wa Busia ambaye wateja wake wako ng'ambo, nao walionja uchungu wa mpaka uliofungwa.

Miaka miwili baadaye ikatokea nchi iliyovamiwa kweli. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Tanzania, yakaiteka ardhi ya kaskazini ya mto Kagera. Rais Nyerere alikuwa na vifaru na ndege kutoka China na mizinga ya roketi ya Kirusi, vyote viko nyumbani tayari, na askari waliofunzwa kuvitumia. Jirani yake Msumbiji alimpelekea askari. Amin naye aliletewa na Libya askari, vifaru, na hata ndege kubwa ya mabomu iliyotumwa kuupiga mji wa Mwanza, ikakosa shabaha. Lakini askari wa Libya walikuwa wageni wasioijua nchi, na Machi 1979 walishindwa Lukaya. Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili. Bob Astles, aliyekuwa mshauri wa Amin, alivuka Ziwa Victoria akakimbilia Kenya, akakamatwa, kisha akarudishwa Uganda.

Mpaka huu ulisikia milio ya bunduki tena Desemba 1987, askari wa Kenya na wa Uganda walipopigana risasi Busia. Safari hii haikungojwa manowari wala ndege kutoka mbali. Tarehe 28 ya mwezi huo huo Rais Moi na Rais Museveni walikutana Malaba, wakapatana kuwaondoa askari mpakani.

Tangu mwaka 2018 Busia ina kituo cha pamoja kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi hizo mbili, ambamo maofisa wa forodha wa Kenya na wa Uganda hufanya kazi chini ya paa moja. Malori ya mafuta hungoja zamu yao, na wanawake wenye vikapu vya nyanya na samaki huvuka asubuhi, wakarudi jioni.

Nchi iliyovamiwa ina haki ya kuomba silaha kwa marafiki zake, na rafiki asiyetoa kwa wakati asishangae akikuta nyumba imekwisha teketea. Lakini mkulima wa Samia na karani wa forodha wa Malaba wanalijua jambo jingine pia: rafiki wa mbali huja akaondoka, na jirani hubaki. Afadhali njia ya kwake itunzwe wakati wa amani.