Ubunani na Umuganura

Kwetu Kamembe, Noheli ni wali, nyama na nguo mpya. Wiki moja baadaye huja Ubunani. Wenzetu wa Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, husema Bonane. Ni Kifaransa kile kile, kila upande umekitamka kwake.

Nikifuatilia sikukuu hizi katika nyaraka za chuo, nilikuta mapadri waliofungua misheni ya Mibirizi mwaka 1903, kisha Gashamura, mkuu wa ibada za ikulu, aliyehamishiwa Burundi na Wabelgiji mwaka 1925. Umuganura, sikukuu ya mtama na ulezi mpya, ukakoma ikulu. Leo huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti.

Nyaraka nyingi ziliandikwa na wageni. Noheli hii nitamuuliza bibi, maadamu angali hai, walikula nini mavuno yalipoingia.