Begi la Mkono wa Kushoto

Begi likitoka kiwandani huwa limekwisha kuamua wewe ni nani. Lile nililonunua katika mitumba ya Mlango Mmoja, hapa Mwanza, liliamua kwamba mimi ni mtu wa kompyuta mpakato, chupa moja ya maji na mkono wa kulia. Siku za kazi halikuwa mbali na ukweli. Siku za Jumamosi, hata hivyo, hukaa juu ya majabali ya kando ya Ziwa Viktoria na ndoana yangu, na mkono ninaoutegemea ni wa kushoto. Sijiiti mvuvi. Wavuvi ni wale wanaotoka usiku kwa mitumbwi na nyavu, ambao mlo wa watoto wao umo majini. Mimi ni mtu wa mshipi mmoja.

Anayetaka kulirekebisha begi kama hilo asianze na mkasi. Amwage kwanza vifaa vyake vyote juu ya mkeka na kuvitazama: chenye ncha, chenye maji, chenye harufu, kizito, na kile kinachotafutwa kwa haraka samaki anapovuta. Nilifanya hivyo, nikachora mchoro wenye vipimo kama tulivyozoea sisi wasomi, nikaupeleka kwa mzee mmoja fundi viatu ambaye hushona mabegi pia. Aliutazama, akauweka chini ya kopo la gundi usipeperuke, kisha akauliza:

“Daktari, ukiwa juu ya jiwe, mkono upi unashika fimbo na upi unatafuta ndoana?”

Nikamwonyesha.

“Na begi linakaa mgongoni au chini?”

Chini, nikamjibu, na mara nyingi jiwe limelowa.

“Ukirudi nyumbani unapanda nini?”

“Daladala, mzee wangu.”

Akacheka. “Basi tuanze na harufu.”

Tukaanza na harufu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, samaki hana tena safari ndani ya “rambo”, wala simlilii rambo. Mzee alishona mfuko wa turubai usio na tundu, unaofungwa kwa kamba na kutoka wote nje ya begi ili uoshwe na kuanikwa. Kopo la chambo akalitengea mfuko wa nje, mbali na mgongo wangu na mbali na pua ya abiria mwenzangu. Kitako cha begi alikibadilisha kwa turubai lile lile, akatoboa matundu manne na kuyavika vijicho vya shaba, maji yapate pa kutokea. Mahali pa kompyuta, penye sponji nene, sasa pamelala rili. Ubavuni, upande wa kushoto, pamefungwa kwa kanda mbili kipande cha bomba la plastiki cha sentimita 40, ambamo fimbo yangu ya vipande viwili husimama bila kumchoma mtu jicho. Na ndani ya kifuniko ameshona kipande cha kandambili kuukuu. Ndoana zimechomwa humo kwa safu, ndogo juu na kubwa chini, hata gizani kidole kinajua kiende wapi.

Zipu ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Ilifunguka kwa kumfaa mtu wa kulia, nami katika mchoro wangu nilikuwa nimeagiza igeuzwe. Mzee hakuigeuza. Aliongeza kichwa cha pili, ikawa inafunguka kutoka pande zote mbili. Nilipomuuliza kwa nini, akajibu, “Na mwanao akilirithi, naye ni wa kulia?”

Niliwahi kukaa katika kamati ya manunuzi ya chuo kimoja, ambayo siku hiyo ilijadili viti vya ukumbi wa mihadhara, vile vyenye kibao cha kuandikia. Shahada ya kwanza niliisoma nikiwa nimejipinda kama mtu mwenye kichomi, kwa kuwa kibao kilikuwa kulia na kalamu kushoto. Nikaomba walau viti vichache viwe na kibao upande wa pili. Jibu likawa kwamba vipimo vya zabuni vimekwisha kupitishwa, tena watu wa kushoto ni wachache. Inakadiriwa kwamba wachache hao ni kama mmoja katika kila watu kumi. Katika ukumbi wa wanafunzi 300, ni vijana 30 hivi. Viti vikaja, vyote vya kulia.

Sikuona ubaya wa moyo katika kikao kile. Kulikuwa na fomu ya idadi, ya bei, ya aina ya mbao, ya muda wa kufikisha mzigo. Hapakuwa na mahali pa kuandika ni nani atakayekaa na atakuwa anafanya nini. Mzee wa viatu, asiye na fomu yoyote, alianza na swali hilo. (Adabu ya kula kwa mkono wa kulia niliyofundishwa utotoni sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kiti.)

Jambo jingine litawafurahisha watumishi wa idara husika. Kanuni za uvuvi haziruhusu sato aliye chini ya sentimita 25, wala sangara aliye chini ya 50. Mzee alishona alama mbili kwa uzi mweupe kwenye mkanda wa begi, moja kwa sato na moja kwa sangara. Samaki hupimwa hapo hapo, angali hai, na aliye mdogo hurudi majini kabla hajaishiwa pumzi. Kanuni ikifika hadi kwenye mkanda wa begi, inatekelezeka hata na mtu ambaye hajawahi kuiona ofisi iliyoitunga.

Kazi yote ilinigharimu pungufu ya posho ya kikao kimoja. Imebaki kamba ya kifuani, maana nikipanda majabali begi linayumba na fimbo hugonga kisogo. Mzee amesema nisubiri mvua zipite, kwani turubai lililolowa halishiki gundi.