Shule Hufuata Nyumba
Wakati wetu kule Kenya, alama za mtihani ndizo zilizoamua utasoma wapi. Hapa Massachusetts, anwani ndiyo huamua. Wachusett Regional, sekondari ya umma, hupokea watoto wa miji mitano midogo: Holden, Paxton, Princeton, Rutland na Sterling. Karo hakuna, karo yake ni kodi ya nyumba. Tulihama Worcester tukapanga Holden, nami nikaongeza zamu mbili za usiku wodini.

Juzi nilirudi asubuhi nikakutana na kijana wangu mlangoni, begi mgongoni.

"Mama, shule ni nzuri. Lakini wewe nitakuona lini?"

Zamu moja nimeiacha. Wazazi wenzangu, mkipiga hesabu ya shule nzuri, hesabuni pia saa za kukaa na mtoto.