Vyombo vya Matondoni na Vanishi Ibandukayo

Matondoni ni kijiji kilichoko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, na sifa yake katika pwani ya Kenya ni kazi ya kuunda vyombo vya baharini. Msafiri atokaye mjini Lamu aweza kwenda huko kwa mashua maji yakijaa, au kwa miguu, au juu ya punda. Akaribiapo ufuko husikia nyundo kabla hajamwona fundi.

Fundi wa huko huunda kwa jicho na mkono, bila ramani ya karatasi. Hulaza mkuku, husimamisha mataruma, kisha hupigilia mbao. Nafasi zilizo baina ya mbao hushindiliwa pamba iliyotiwa mafuta, na kazi hiyo ndiyo kalafati. Mwisho, mbao za juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu ikaayo majini hupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa, ili kuwazuia wadudu wa baharini watobao mbao.

Lakini wako wenye vyombo waipendao vanishi kwa kuwa yang'aa, nao hushangaa ikibanduka kama ngozi ya nyoka. Mara nyingi kosa si la vanishi. Ubao ukipakwa ungali na unyevu, maji yaliyomo hutafuta njia ya kutoka, na vanishi huvimba malengelenge. Mkulima afahamu jambo hili, kwa maana hafungii ghalani mahindi mabichi. Vanishi ikipakwa jua kali hufanya mapovu. Ikipakwa magharibi, umande huifanya iwe na ukungu mweupe. Juu ya sifa haishiki vema, na juu ya chumvi vivyo hivyo.

Dawa yake yataka subira. Vanishi iliyolegea yapasa kukwanguliwa yote, ubao uoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukauke kabisa, kisha upigwe msasa. Mpako wa kwanza uwe mwepesi, nao uzimuliwe ili upenye. Mingine ifuate, kila mmoja ukiisha kukauka na kupigwa msasa kidogo. Ncha za mbao zisisahauliwe, kwani huko ndiko maji yaingiako upesi zaidi. Wala vanishi isipakwe mahali pakaapo majini daima. Hapo ni pa deheni au rangi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Mambo haya si ya urembo tu. Chombo ni shamba la mvuvi, na mng'aro waweza kuficha ubao uozao chini yake hata siku ya pepo kali. Sifa haing'ai sana, lakini ikichakaa hupakwa tena bila kukwangua, na ubao huonekana ulivyo. Kwa hiyo mwenye kuchagua vanishi na ajue kwamba amechagua pia kuikagua kila msimu, na kuziba mkwaruzo ungali mdogo.